Shemeji, Nairobi Yako Inaishia Wapi?

Kuna ubishi wa aina mbili ambao mtu mwenye akili zake anatakiwa aukimbie mapema. Wa kwanza ni wa Simba na Yanga. Wa pili ni wa Dar es Salaam na Nairobi, mji upi mkubwa. Ule wa kwanza angalau una refa, na dakika tisini zikiisha kila mtu anajua nani kafungwa, hata kama atakesha akilalamikia penalti. Huu wa pili hauna refa wala filimbi, na mimi umenifuata nyumbani, sebuleni, kwenye kochi ambalo bado nadaiwa, kwa sababu mdogo wangu aliona wanaume wote wa Tanzania hawafai akaenda kuolewa na mtu wa Nairobi.

Nasema mtu wa Nairobi kwa kuwa ndivyo anavyojitambulisha. Makazi yake ni Ongata Rongai. Hilo liweke pembeni, tutalihitaji.

Shemeji ni mtu mwema. Hanywi, hakopi, na kila akija likizo ya Desemba analeta majani ya chai ya kutosha mtaa mzima. Kasoro yake ni moja tu: hawezi kumaliza sahani bila kutulinganisha. Huanza kwa upole. "Shemeji, hapa kwenu pako sawa bana, ni katauni kazuri." Katauni! Mji uliokula ujana wangu, nywele zangu na viatu visivyo na idadi unaitwa katauni mbele ya wanangu, tena na mtu anayeshushia juisi niliyoinunua mimi.

Nikaamua kwamba dawa ya mbishi ni tarakimu. Nikaweka simu mezani, nikasoma kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo ya ubunge. Sensa ya Tanzania ya Agosti 2022: Mkoa wa Dar es Salaam, watu 5,383,728. Sensa ya Kenya ya Agosti 2019: Kaunti ya Nairobi, watu 4,397,073. Tofauti, karibu milioni moja. Watoto wakapiga makofi. Mimi nikajua yamekwisha, sasa tunaweza kuzungumzia bei ya mchele.

Wapi! Shemeji akanawa mikono taratibu, kidole kimoja kimoja, akasema, "Lakini shemeji, sisi tulihesabiwa 2019, nyinyi 2022. Hiyo miaka mitatu watu wa Nairobi walikuwa wamekatazwa kuzaa?" Swali lilikuwa zuri, na ndiyo maana lilinikera. Sensa ya 2009 iliikuta Nairobi na watu 3,138,369, maana yake ndani ya miaka kumi iliongeza zaidi ya milioni moja na robo. Kwa mwendo huo, miaka mitatu inampa karibu laki nne. Nikampigia hesabu hiyo palepale, nikamwonyesha kwamba hata nikimzawadia hizo laki nne bado anabaki nyuma. Akasema basi tusihesabu vichwa peke yake, tupime na kiwanja chenyewe.

Haya, tukapima. Kaunti ya Nairobi ni kilomita za mraba 696 hivi. Mkoa wa Dar es Salaam ni 1,393. Yaani Nairobi mbili kamili zinaingia ndani ya Dar, na kinabaki kipande cha kilomita moja ya mraba, ambacho nina hakika kimeshauzwa kwa watu watatu tofauti.

"Sasa gawanya," akasema shemeji.

Nikagawanya. Nairobi ikatoka na watu zaidi ya 6,200 katika kila kilomita ya mraba. Dar hawafiki 3,900. Shemeji akaegemea kochi langu kama amelilipia yeye. "Unaona? Huo wenu ni mkoa. Kuna mpaka minazi huko Kigamboni mnaihesabia kuwa mji. Mji ni watu kukanyagana, shemeji."

Nimeikalia kauli hiyo, nikaigeuza huku na huku, na bado sijaielewa. Ni kiumbe gani mwingine anayejisifu kwa kukanyagwa? Lakini kuhusu minazi hakukosea. Ukivuka Kigamboni ukaitafuta Kimbiji na Pemba Mnazi, unapita mashamba, unapita vichaka, unakutana na kuku wanaovuka barabara bila wasiwasi wa maisha, na yote hayo kwenye ramani ni Dar es Salaam. Wilaya nzima ya Kigamboni ilikutwa na watu 317,902. Temeke iliyo jirani yake ina 1,346,674, na ukipanda daladala ya Mbagala jioni utaapa kwamba wote wako humo.

Nilichoshindwa kuvumilia ni kwamba shemeji hataji wanyama. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ile ya tangu 1946, ina kilomita za mraba 117, nayo iko ndani ya mpaka wa kaunti. Moja ya sita ya mji wake wa kukanyagana ni mali ya simba, faru na twiga! Ukiiondoa hiyo, binadamu wanabaki kugawana kilomita za mraba 579, karibu watu 7,600 katika kila moja. Twiga wa Nairobi ana nafasi kubwa kuliko mpangaji wa mtaa wa Pipeline, ambaye akifungua dirisha anaona sufuria ya jirani na kinachochemka ndani yake. Nikamweleza hayo nikitegemea ataona haya. Akacheka. "Sisi simba tunao wa ukweli. Nyinyi wenu mnawalipia tiketi."

Mama watoto alicheka pia, jambo ambalo nimelihifadhi.

Tuliendelea mpaka chai ikapoa. Akaleta umri: kwamba Nairobi ilipewa hadhi ya jiji mwaka 1950 na Dar ikasubiri mpaka 1961. Nikamwambia Sultani Majid wa Zanzibar alikuwa ameshaanza kujenga hapa miaka ya 1860, wakati Nairobi ilikuwa bado kinamasi cha Wamasai kunyweshea ng'ombe, ikisubiri reli ifike mwaka 1899. Akanikumbusha kwamba makao makuu tumeyapeleka Dodoma. Nikamwambia tumewapelekea msongamano kidogo nao waonje. Akaleta Kibera, kwamba ina watu milioni nzima, kitongoji kimoja tu. Hapo nilimshika. Hiyo milioni imezunguka duniani miaka mingi, kila aliyekuja na kamera akiiongeza chumvi, lakini makarani wa sensa ya 2009 walipopita nyumba kwa nyumba walikuta watu 170,070. Mwaka 2019 kaunti ndogo yote ya Kibra, yenye hiyo Kibera ndani yake, ilikuwa na 185,777. Walipo hao laki nane wengine, shemeji anajua na Mungu wake.

Kulipokucha akaamka na jipya. Nadhani alikesha na simu. Alinikuta napiga mswaki uani akaniuliza, kwa sauti ya mpelelezi, mimi nakaa wilaya gani. Nikamwambia Ilala. Akafurahi mpaka nikaogopa.

Ni hivi. Februari 2021 Rais Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ile iliyokaa juu ya manispaa zote tano, na Ilala ikapandishwa kuwa ndiyo Jiji la Dar es Salaam. Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni zikabaki manispaa. Kwa karatasi za serikali, jiji ni Ilala, yenye watu 1,649,912. Sasa mimi nakaa Chanika, tena Chanika ya ndani, ile ambayo bodaboda anakuuliza mara mbili kama una uhakika. Jirani yangu anafuga ng'ombe. Mvua ikinyesha tunavua viatu tunavishika mkononi kwa heshima. Sisi ndio watu wa jiji. Mkubwa mwenye kasri lake Masaki, anayesikiliza mawimbi akiwa kitandani, huyo ni mtu wa manispaa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiko Ubungo, hivyo hakimo katika Jiji la Dar es Salaam. Uwanja wa Mkapa, ule ambao Afrika nzima inaujua, nao uko Temeke, nje ya jiji. Ng'ombe wa jirani yangu wamo.

"Kwa hiyo," akasema shemeji, "tuhesabu hiyo milioni moja na laki sita. Nairobi imeshinda mara mbili na nusu."

Nilimuuliza kama ana habari za London. Pale London kuna eneo dogo la katikati, la kizamani, linaloitwa City of London. Lina meya wake na polisi wake, na ukubwa wake haufiki kilomita za mraba 3. Sensa ya 2021 ilikuta wakazi wake ni 8,600 hivi. London anayoijua kila mtu, yenye kilomita za mraba 1,572, ina watu milioni 8.8. Kwa kipimo cha shemeji, London ni kijiji kinachoweza kulishwa na Chanika peke yake siku ya Idi, na hakuna haja ya kukodi sufuria nyingi. (Na ukitazama vizuri utaona London nzima imeizidi Dar eneo kidogo tu. Nimeshawaambia wanangu, msishangae ndugu zenu wa Ulaya wakilalamika kuchelewa kazini.)

Ndipo nikaichukua ile Rongai niliyoiweka pembeni.

Rongai haimo Nairobi. Ukitoka katikati ya mji unapita Lang'ata, unapita pembeni mwa hifadhi, unavuka mpaka, unaingia Kaunti ya Kajiado. Sensa ya Kenya ilimhesabu kila mtu mahali alipolala usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019. Shemeji alilala kwake. Karani akamwandika Kajiado, pamoja na mdogo wangu, pamoja na watoto. Mtu aliyemaliza likizo nzima akiitetea Nairobi juu ya kochi langu, katika zile milioni nne na laki tatu na tisini na saba elfu na sabini na tatu, yeye hayumo!

Alinyamaza. Nilikunywa kimya chake chote.

Halafu akasema, "Lakini kazi nafanya tao, Nairobi yenyewe." Akakunja mikono ya shati akaanza kujumlisha. Ruaka, Kikuyu, Ruiru na Thika ziko Kiambu, watu wake asubuhi wote wako Nairobi. Haya, lete Kiambu: 2,417,735. Mlolongo na Syokimau ziko Machakos: lete Machakos, 1,421,932. Kitengela, Ngong na Rongai yake, lete Kajiado: 1,117,840. Akafika milioni tisa na laki tatu na ushee, jasho likamtoka, akanigeuzia simu nione. Nikaona. Nikamkumbusha tu kwamba Kajiado inakwenda mpaka Namanga, na upande mwingine mpaka Oloitokitok, chini ya Mlima Kilimanjaro. Kwa hesabu hiyo Nairobi imeshafika mpakani kwetu na hakuna aliyetuomba ruhusa.

Basi na mimi nikaleta Pwani. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu namba hizi watu wengi wamezipita bila kuzitazama. Mwaka 2012 Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu 1,098,668. Mwaka 2022 ulikuwa na 2,024,947. Miaka kumi, karibu mara mbili. Dar katika miaka hiyohiyo ilitoka 4,364,541, ikaongeza milioni moja na elfu kumi na tisa. Pwani, ambayo zamani tuliijua kwa embe na mkaa, imeongeza laki tisa na elfu ishirini na sita! Hao hawakutoka baharini. Wengi wao ni watu wa Dar waliouliza bei ya kiwanja Goba wakajishika kifua, wakauliza Kibamba wakajishika tena, wakavuka mpaka kwenda Kibaha, Vikindu, Mapinga na Kisarawe. Alfajiri wanarudi wote. Wanalala Pwani, wanagombea siti Dar. Nikajumlisha mikoa miwili nikapata milioni saba na laki nne. Najua humo nimebeba viboko wa Rufiji na papa potwe wa Mafia, lakini aliyebeba Namanga hana mdomo wa kunisema.

Tulipofika hapo niligundua kwamba hata wakubwa wa dunia wanacheza mchezo huuhuu, ila wao wanalipwa posho. Kwa miaka mingi Umoja wa Mataifa ulituambia mji mkubwa kuliko yote ni Tokyo, watu milioni 37. Jakarta ilikuwa huko chini, nafasi ya thelathini na tatu, ikiwa na milioni kumi na ushee. Ripoti ya 2025 ikatoka: Jakarta namba moja, karibu milioni 42. Dhaka ya pili. Tokyo ya tatu, milioni 33. Usidhani watu wa Jakarta walizaa usiku kucha. Hao wakubwa wa dunia waliacha kupokea mpaka ambao kila nchi imejichorea, wakaigawa dunia katika vipande vya kilomita moja ya mraba. Kila kipande chenye watu 1,500 na kuendelea kikigusana na mwenzake, ukapatikana mji, uwe wa kaunti, wa mkoa au wa nani. Huo ni utaratibu wa haki, na ndiyo maana hautatumika kamwe kwenye sebule ya mtu yeyote.

Maana bila utaratibu huo kila mtu anajipimia. Paris imefungiwa katika kilomita za mraba 105, mpaka ambao sehemu yake kubwa ilichorwa 1860, wakati ndugu zetu wa Kinshasa wamejipa kilomita za mraba 9,965, nyingi zikiwa nyasi za nyanda za juu za Bateke. Idadi yao ni ya kukadiria tu, kwa kuwa Kongo haijafanya sensa tangu 1984. Kuna manispaa ya Chongqing, China: watu milioni 32 katika kilomita za mraba 82,403. Rwanda na Burundi ukizijumlisha hazifiki hapo. Mchina anaweza kulima mpunga, akalala, akaamka, akapanda treni kutwa nzima, na bado yumo mjini. Shemeji nilipomsomea hiyo alisema Wachina wanadanganya. Nikamuuliza, na aliyebeba Oloitokitok?

Kinachoniudhi zaidi ya yote ni kwamba huo ukubwa tunaougombania, mimi na yeye, hakuna anayetugawia hata kidogo. Ningeelewa kama Dar ikiongeza watu laki moja basi kila mkazi wa zamani anapewa mfuko wa sukari. Sivyo. Ninachopewa ni watu hao hao laki moja kituoni, saa kumi na moja alfajiri, kila mmoja ana kiwiko. Konda anatuambia nyuma kuna nafasi. Nimeishi mjini hapa miaka mingi na hiyo nafasi ya nyuma sijawahi kuiona. Labda ndiyo ile kilomita moja ya mraba iliyobaki. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo kwa sababu anajua nikikataa wapo milioni tano wanaosubiri. Shemeji naye anasema kwao mvua ikidondoka matone mawili nauli ya matatu ya Rongai inapanda kabla mwamvuli haujafunguliwa, na kwamba ile barabara ya juu ya kulipia ya kilomita 27, iliyofunguliwa 2022 kutoka Mlolongo mpaka Westlands, yeye huitazama tu kutoka chini, kwenye foleni. Tulipolinganisha saa tunazoamka, tukakuta ni saa ileile. Tulipolinganisha saa tunazorudi, tukakuta watoto wa pande zote mbili wameshalala.

"Baba Asha," mama watoto akaniita usiku huo kutoka chumbani, "kama mmemaliza kuhamisha mipaka zimeni taa, umeme wa jiji unalipiwa."

Tukazima. Gizani shemeji akasema polepole kwamba sensa yao ijayo ni 2029.

Na hilo ndilo linaloninyima usingizi tangu ameondoka. Wao wanahesabu kila mwaka unaoishia na tisa, sisi kila unaoishia na mbili. Yetu ijayo ni 2032. Ina maana kwa miaka mitatu mizima shemeji atakuja na namba mbichi, mimi nitakuwa bado nimeshika ile ya 2022, na majani yake ya chai nitayanywa kwa taabu. Kwa hiyo ninaandika haya kuwaomba ndugu zetu wa takwimu, kwa heshima zote: tuhesabuni mapema. Sitaki nchi nzima, mkoa mmoja tu unatosha, usiku mmoja, na Pwani mkipita njiani msiikwepe. Vishikwambi mlivyotuhesabia 2022 najua mlishawapa walimu. Kalamu na daftari sisi wa Chanika tutachanga.